Mto Uliopanda Mlima

Tarehe 4 Machi

Mchwa, mume wangu mdogo,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Sisi huku hatujambo. Mguu wangu ndio huo, maumivu yakiacha goti yanashika kifundo, wanapokezana zamu kama walinzi. Bati la jikoni limeacha kuvuja, kuku mweupe kajificha mahali anaatamia, baba yako hajambo. Simu usihangaike nayo, mimi kwenye simu nasikia kama mtu anatafuna karanga. Andika tu.

Basi mlango nimeshaung'oa.

Ngoja. Huyu jirani yangu anayeniandikia, fundi cherehani, kainua kalamu anauliza mlango gani tena. Ngoja nimweleze, na wewe usikie kama nimeshika vizuri. Fundi, mjukuu wangu huko mjini aliko, siku mbili nzima kwa basi, anacheza na askari wadogo. Usiandike anacheza. Andika ana kazi ya askari wadogo. Ni wa plastiki, urefu pingili mbili za kidole, anawapaka rangi mpaka vifungo vya shati. Watu wazima wenye ndevu zao wanakaa mezani wanapigana vita kwa hao askari, wanarusha kete, wanapima kwa futi, na hakuna anayeumia. Ila askari hawezi kusimama juu ya meza kavu kama kikombe. Anataka ardhi. Anataka kilima, mto, boma, njia ya kupita. Ardhi hiyo inatengenezwa kwa mkono juu ya ubao, wao wanaiita uwanja. Sasa kuna mama ana karakana ya kutengeneza viwanja vikubwa vya maonyesho, na huyo mama kamwambia Mchwa hivi: niletee uwanja mmoja uliotengeneza mwenyewe nyumbani kwako, ukubwa wa mlango, kabla mwezi wa saba haujaisha. Nikiupenda unaanza kazi. Umeelewa, fundi? Anasema ameelewa, ila anauliza ndevu za nini. Tuendelee.

Uliniandikia kwamba umeharibu viwili. Wa kwanza kilima ulikikata kwenye lile povu jeupe gumu wanalofungia televisheni, ukakipulizia rangi ya kopo, rangi ikakila kilima mpaka kikabaki kama mkate uliong'atwa na panya. Wa pili ubao ulijikunja, na udongo ukapasuka nyufa. Ukaniuliza, bibi, wewe umekandika nyumba za watu maisha yako yote, ufa unatoka wapi?

Mume wangu, mimi jibu la mdomoni sina. Ufa naujua kwa vidole. Ndiyo maana nimeng'oa mlango wa chumba changu, nimeulaza chini ukumbini juu ya matofali manne, na mimi natengeneza wa kwangu. Mlangoni nimetundika pazia. Baba yako alinikuta nimekaa chini na bisibisi, bawaba mapajani, akasema, "Mama, unahama?" Nikamwambia nina mambo yangu. Akapita. Jina lako sikulitaja, kama ulivyoniomba.

Ila barua yako ilikaa wiki tatu njiani, na mimi wiki tatu hizo nilikuwa nikisikia baiskeli tu nasimama, nadhani ni ya mleta barua. Na yale maneno uliyoyaandika mwishoni, kwamba ukikosa hiyo kazi utaondoka uende mbali zaidi na hutaandika tena, fundi cherehani aliyasoma mara moja, nikamwambia asirudie. Ghala mlilokuwa mnapanga mizigo limefungwa, sawa. Lakini mtu hasemi hivyo kwa bibi yake aliyemlea tangu mama yake atutoke. Unakula?

Bibi yako.


Tarehe 29 Machi

Bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Nakula. Salamu kwa fundi cherehani, mwambie ndevu wanazo kwa sababu wana shughuli nyingi, hawapati muda wa kunyoa.

Nimecheka kuhusu mlango halafu nimeogopa. Nani alikusaidia kuubeba? Usiniambie ulibeba mwenyewe.

Chumba changu kiko juu ya dobi. Mvuke wa pasi unapenya kwenye sakafu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo hapa hakuna kitu kinachokauka kwa haki. Ubao wangu wa tatu nimeuegemeza ukutani, kitanda nimekisimamisha wima upande wa pili, nalala katikati kama ukurasa ndani ya kitabu. Povu safari hii nimelipaka gundi ya mbao kwanza, ndipo rangi. Halikuliwa. Ila ubao umeanza tena kuinua pembe.

Nimekuchorea nitakachotengeneza. Mwinuko wenye boma upande mmoja, tambarare upande mwingine, mto katikati. Askari wa boma wanasubiri, askari wengine wanatafuta pa kuvukia. Mwenye karakana alisema yeye haangalii askari, anaangalia ardhi. Alisema, "Nataka nikiangalia nijue mvua ikinyesha maji yataelekea wapi." Maneno hayo yananikosesha raha.

Umeandika baba hajambo. Nimesoma.

Mchwa


Tarehe 20 Aprili

Mume wangu, salamu zako zimefika na mchoro umefika. Sisi wazima. Kuku mweupe ametoka na vifaranga tisa, ana kiburi sasa hasalimii mtu. Mlango niliubeba na mke wa muuza mkaa, mwanamke ana mabega yule, angezaliwa gari angekuwa lori. Kwa hiyo tulia.

Sikiliza habari ya ubao. Niliweka udongo wangu, udongo, mchanga niliouchekecha, unga wa mbao kidogo, na gundi ya mbao uliyosema, nikaponda mpaka ukawa kama ugali wa mtoto. Nikaupaka juu ya mlango kote. Siku ya pili nikaona pembe zimenyanyuka. Siku ya tatu mlango wote umekuwa bakuli. Ungeweza kuuogea. Nikakaa kwenye kigoda nikautazama. Nikauliza, wewe, unaumwa nini? Halafu nikakumbuka ngozi ya ngoma. Udongo ukikauka unajivuta, si ndiyo? Sasa upande wa juu unavuta, upande wa chini haujapakwa kitu, haumvuti mwenzake. Ni kama kuvutana kamba na mtu aliyesinzia. Nikaita mke wa muuza mkaa, tukaupindua, nikaupaka tumbo maji na gundi ile ile, kote, nikaulaza na matofali juu. Baada ya siku nne umelala kama mgonjwa aliyepewa dawa.

Kwa hiyo wewe paka tumbo kwanza, kabla hujagusa juu. Na chini yake gongomea vipande vya mbao viwili vya kukatiza. Na udongo usiupake mnene kwa pupa. Paka mwembamba, uache, funika gunia bichi, rudi tena. Ufa ni haraka yako mwenyewe. Mvuke wa dobi usiulaani, unakusaidia, unakukaushia polepole. Nashangaa hukunieleza mapema.

Sasa mchoro. Niliuweka mezani chini ya kikombe. Baba yako akaja kunywa chai yake ya asubuhi, akainua kikombe, akauangalia. Mimi moyo wangu ulikuwa unapiga kama cherehani ya huyu fundi. Akaugeuza huku, akaugeuza kule. Akasema, "Huu mto unapanda mlima." Akanywa chai. Akasema, "Hapa na hapa." Akaweka kidole. Akaondoka kwenda kazini. Sikumwambia umetoka kwa nani na yeye hakuuliza, ingawa mwandiko wako anaujua kuliko mimi, yeye alisoma.

Na kweli, mume wangu, tulipoutazama vizuri na fundi, mto wako unaanza chini kwenye tambarare unaishia kwenye mlango wa boma juu. Maji gani hayo? Rekebisha. Huyo mama si alisema anataka kujua mvua itaelekea wapi?

Fundi anauliza kwa nini baba na mwana hawasemeshani. Fundi ana masikio marefu. Nimwambie? Nitamwambia, wewe unajua tayari. Fundi, huyu Mchwa alikuwa anamsaidia baba yake uashi. Walikuwa wanamwaga sakafu ya sebule ya mteja, nyumba kubwa, sakafu laini kama uso wa mtoto. Baba akatoka kwenda kuleta saruji. Kurudi, akakuta mwanawe amepiga magoti na mwiko mdogo, kachimba mto kwenye sakafu mbichi. Mto wenye kona zake na kingo zake na kisiwa, kutoka dirishani mpaka mlango wa jikoni, na askari wamesimama kingo zote mbili. Na mteja kasimama nyuma ya baba. Kazi ikaisha siku hiyo. Baba akachukua lile boksi la askari akalimwaga kwenye shimo la chokaa inayochemka, na mtoto akachukua begi. Huu mwaka wa nne. Mpaka leo waashi wenzake wakimwona wanamwita Bwana Mto. "Bwana Mto, samaki wapo?" Yeye anapita tu.

Fundi anacheka. Na mimi nilitaka kucheka, nikaacha.

Jibu upesi. Barua ya kwako ikikawia mimi nahesabu mabasi yaliyopinduka kwenye redio.

Bibi yako.


Tarehe 2 Juni

Bibi, shikamoo.

Samahani nimechelewa. Mzima. Kazi inakwenda. Tumbo la ubao nilipaka, umelala. Asante.

Kalamu nimebadilisha, ndiyo maana mwandiko mbaya. Nitaandika vizuri nikipata nafasi.

Mchwa


Tarehe 14 Juni

Mume wangu,

Leo sina salamu ndefu, wazima tupo, tuendelee.

Wiki saba na zaidi nimesubiri. Nilimtuma fundi posta mara nyingi mpaka yule wa dirishani akamwambia, "Mama, tukiipata tutakuletea na tarumbeta." Halafu inakuja barua fupi kama risiti. Fundi kanisomea, kamaliza kabla sijakaa vizuri kwenye kigoda. Nikamwambia lete hapa.

Mimi kusoma sijui, lakini macho ninayo. Barua zako zote ninazo kwenye kopo la biskuti. Nikatoa ile ya mwezi wa tatu nikaweka pembeni ya hii. Ile maandishi yako yanaelekea mbele, kama watu wanaokwenda sokoni. Hii yanaelekea nyuma, kama uzio uliosukumwa na ng'ombe. Kalamu haigeuzi uzio, Mchwa. Mkono ndio unageuza. Wewe umeandika kwa mkono wa kushoto.

Wa kulia una nini?

Fundi anasema labda nimekosea, labda umeandikia kitandani. Fundi, andika ninavyokuambia. Kama uliandikia kitandani, kitandani ulikuwa unafanya nini mchana? Nimekulea. Ulipovunjika jino ulikaa siku mbili umefunga mdomo ili nisione, ukanywa uji kwa mrija wa papai. Mdomo wako ukifunga mimi ndipo naanza kuogopa.

Mwezi wa saba unaisha baada ya wiki saba kasoro siku mbili. Nimehesabu kwa vidole na fundi kahesabu kwa kalenda, tumepata sawa. Una ubao, una udongo, una mkono mmoja. Na nikifumba macho nakuona unapanda basi lingine la kwenda mbali zaidi, na mimi nimebaki na kopo la biskuti.

Kuna jambo jingine, sijui nikuambie. Nitakuambia. Mlango wangu, ule niliotengenezea majaribio, nilikuwa nimeweka kilima tu, mto sijachimba kwa sababu nilikuwa nakusubiri wewe uuchore upya. Juzi nimeamka asubuhi nimekuta mto umechimbwa. Unatoka juu penyewe, unazunguka kilima, unapanuka chini mahali tambarare. Kingo zimepigwa mwiko. Nimemwaga kikombe cha maji juu, yamekwenda yenyewe mpaka mwisho bila kusimama. Sikumwuliza mtu. Baba yako alikuwa anakunywa chai ametazama ukuta.

Niandikie mkono una nini. Ukiniambia si kitu nitajua unaongopa. Ukiniambia ni kitu nitalala vibaya, lakini nitalala.

Bibi yako.


Tarehe 1 Julai

Bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Hujambo na mguu. Vifaranga wamekua?

Nimeandika barua hii mara tatu. Mkono wa kushoto hauendi haraka, kwa hiyo hauwezi kusema uongo mrefu.

Nilikuwa nakata povu la boma kwa kile kisu chembamba. Nilikuwa na haraka. Kisu kikateleza, kikaingia chini ya kidole gumba cha kulia, kikakata mshipa unaokivuta. Hospitali wamenishona. Mkono umefungwa na kipande cha ubao, nao wamesema nisiutumie mpaka mwezi wa nane katikati. Ikiwezekana kitarudi kukunja vizuri. Hawakusema kitarudi. Walisema ikiwezekana.

Uwanja uko hivi: ardhi imekaa, haina ufa hata mmoja. Boma limesimama upande mmoja, upande mwingine nimeliacha nusu. Mto sijauchimba. Nimejaribu kwa kushoto, umetoka kama mtu amekanyaga akiwa amelewa, nikaufukia. Bila mto hakuna kitu, bibi. Ni mlango wenye matope.

Dobi wa chini alijitolea kunisaidia. Mikono yake imezoea kunyoosha, kila alichogusa kikawa tambarare. Nikamshukuru, tukaacha.

Mwenye karakana sijamwambia. Nikimwambia atanihurumia, halafu atamchukua mwingine.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka yote hii unaniandikia niombe radhi kuhusu ile sakafu, na mimi naruka, naandika habari za mvua. Si kwamba sikujua nimekosa. Nilijua hata kabla mteja hajafungua mdomo. Ila ule mto ulikuwa mzuri, bibi. Mpaka leo sijachimba mwingine mzuri kama ule. Na baba aliuona. Kabla hajageuka kumwona mteja, aliuangalia, mimi nilimwona anauangalia. Kwa hiyo kila nikitaka kuandika samahani nakumbuka uso ule, kisha nakumbuka chokaa.

Usimwambie baba kuhusu mkono. Nakuomba.

Nikikosa, nitakuandikia barua moja kabla sijaondoka.

Mchwa


Tarehe 9 Julai

Mchwa, mume wangu,

Salamu utazikuta kwa mletaji. Nimemwambia.

Usikasirike, au kasirika, lakini soma kwanza mpaka mwisho. Uliniomba nisimwambie na mimi miaka minne sijavunja ombi lako hata moja, jina lako sijalitaja mezani, nikitaka kukutaja nilikuwa nasema "hali ya hewa ya huko". Barua yako ilipofika fundi alikuwa ameenda kumpima bibi harusi gauni. Mimi naiangalia, uzio ule ule umelalia nyuma, siwezi kuisoma. Nikangoja. Nikapika, nikafagia mahali nilipofagia. Baba yako akaingia kuchukua timazi yake ya kupimia ukuta. Nikamwekea barua mkononi. Nikamwambia, "Nisomee."

Akasoma kwa sauti, amesimama. Alisoma vizuri mpaka pale pa kisu, akakaa. Pale pa sakafu alinyamaza. Nikamwambia, "Endelea." Akasema, "Hapa hapasomeki." Nikamwambia, "Hapasomeki au husomi?" Akanipa barua akatoka nje, akakaa kwenye rundo la mchanga pale uani, mgongo kwangu. Baadaye fundi aliporudi ndipo akanisomea kilichokuwa hapo. Basi nikajua.

Siku ya pili baba yako hakwenda kazini. Jambo hilo halijawahi kutokea, hata alipopigwa na malaria alikwenda. Alikuwa ameinamia mlango wangu ukumbini, anapima mto kwa futi, anaandika nyuma ya mfuko wa saruji. Nikamwuliza unafanya nini. Akasema, "Napima mteremko." Nikasema wa nini. Akasema, "Mama, basi la mjini linaondoka siku gani?"

Anakuja, Mchwa. Barua hii iko mfukoni mwake, wewe ukiisoma yeye amesimama mbele yako anajifanya anaangalia dari. Sikutuma posta kwa sababu posta ingechelewa, na sikutaka upate siku tatu za kuhama chumba.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo mimi sina usingizi. Nyinyi wawili mmefanana kama nusu mbili za chungwa, na wote chachu. Usimwambie karibu sana mara nyingi, ataona unamsanifu, unamdhihaki. Mpe kigoda. Akikuambia udongo wako umezidi maji, jua hapo amekusalimia. Akikuambia nani aligongomea mbao hizi, jua amezipenda. Usimwambie neno chokaa siku ya kwanza. Na yeye nimemwambia asitaje sakafu, akasema, "Mimi nina shughuli na mto, mama." Sijui alimaanisha nini, ila sauti haikuwa mbaya.

Na kazi mgawane hivi. Wewe ndiye mwenye uwanja. Wewe useme mto ukate wapi, uzunguke wapi, kisiwa kiwe wapi. Yeye awe mkono tu. Nimemwambia mbele ya fundi, fundi ni shahidi. Akasema sawa. Akitaka kunyoosha kona zako mzuie, waashi wanapenda mstari ulionyooka, na mto ulionyooka ni mtaro. Lakini akikuambia maji hayatapita hapo, msikilize, hilo analijua.

Na huyo mama wa karakana usimdanganye. Mpelekee uwanja, umwonyeshe mkono wako uliofungwa, umwambie akili ni yangu na kidole ni cha baba yangu. Labda atakubali. Labda atasema nilitaka ulichotengeneza mwenyewe. Hilo siwezi kulizuia nikiwa huku na kigoda changu. Asipokubali, mume wangu, usipande basi lolote kabla hujaniandikia. Na barua ya kuaga siitaki. Andika barua ya kawaida, hata ya mkono wa kushoto, hata fupi kama risiti.

Ameanza kujitayarisha tangu alfajiri. Amebadilisha shati mara tatu. Ameweka miko yake yote kwenye mkoba, ule mwiko mkubwa wa nini sijui, anataka kukupigia plasta chumba? Kaweka na ule mdogo, kaufunga kwenye kitambaa. Halafu hapa sasa hivi, kabla fundi hajaanza ukurasa huu, alikuja akasimama kwenye pazia. Unajua alivyo, mtu wa kupaza sauti juu ya jukwaa la ujenzi, mtaa mzima wanamsikia. Alizungumza chini kabisa. Akaniambia, "Mama, atakubali niiguse kazi yake?"

Nikamwambia sijui.

Nilitaka kumwambia ndiyo, mama gani hasemi ndiyo, lakini sijui, Mchwa, nami nimechoka kusema nisilolijua. Akatikisa kichwa, akaenda kuosha viatu. Kwa hiyo swali hilo anakuja nalo, hatalirudia, hana mdomo wa kulisema mara mbili. Nakuandikia ili ujue analo. Wewe ukiona anazunguka uwanja wako mikono nyuma, anainama anaangalia, anasimama, anainama tena, na hagusi kitu, basi ndilo hilo. Usimwache azunguke muda mrefu. Sema tu neno lolote. Mwambie shika hapa. Mwambie

Ngoja, fundi. Ananiita. Anasema basi limeshapiga honi kule kituoni na yeye viatu vyote viwili anaona vya kushoto. Nakuja! Fundi, ikunje hivyo hivyo ilivyo, nipe. Nipe, utaniandikia jina langu siku nyingine. Nakuja, mwanangu, usitoke bila barua, nakuja!